Vijana, jueni maji yenu kabla ya kununua samaki

Nianze kwa kukiri. Tangu 2021 nimeua samaki kumi na wanne, na sikumla hata mmoja. Wote walifia katika tangi la kioo lililoko sebuleni kwetu hapa mtaani Jamhuri. Kumi na mmoja walikufa kwa sababu sikujua nilichokuwa nikifanya. Watatu walikufa kwa baridi usiku ule stima ilipopotea nchi nzima, na hao hadi leo sijaamua kama ni makosa yangu au ni bahati mbaya tu.

Hesabu hiyo nimekumbushwa na kijana mmoja jirani yetu, yuko Kidato cha Tatu. Jumapili moja mwezi uliopita, saa tatu usiku, alibisha mlango akiwa ameshika bakuli la plastiki. Ndani mlikuwa na samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, manjano upande wa kichwa na samawati upande wa mkia, amelala ubavu huku mashavu yakienda mbio.

"Bro, huyu ana ugonjwa gani?"

Nikamuuliza tangi lake alilianzisha lini. Jumamosi. Samaki alimnunua lini? Jumamosi hiyo hiyo. Na maji aliyatoa wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Si maji ni maji tu?"

Samaki alikufa kabla ya saa nne. Kijana alikuwa ameosha magari ya watu likizo nzima ili apate pesa za kumnunua yeye, tangi, taa na lile jumba la plastiki ambalo kila mtu hununua mara ya kwanza. Hakulia, lakini alinyamaza kwa namna ninayoijua. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia, "Huyu hana shida, mpe chakula mara mbili kwa siku, basi."

Nasema wazi: samaki yule hakuwa na ugonjwa wowote. Aliuzwa kama pambo, akanunuliwa kama pambo, akatiwa katika maji ambayo hangeweza kuishi ndani yake. Siku hizi vijana wengi mitaani wanafuga samaki. Video za simu zimetutia hamu, na mimi nafurahi, maana afadhali kukesha ukitazama samaki kuliko mambo mengine tunayokesha tukiyatazama. Ila tunaanza mahali pabaya. Tunaanza na samaki.

Samaki wenyewe ninaowazungumzia ni sikilidi wadogo. Sikilidi ni ukoo mkubwa, na tilapia unayemla na ugali ni mmoja wao. Kuna wa kujaza sahani na kuna wa urefu wa kidole gumba. Hao wadogo ndio wanaopendwa na wafugaji wa nyumbani kwa sababu wana akili za ajabu: wanachagua mchumba, wanapigania mtaa, wanalea watoto. Yule wa kijana wa jirani ni wa aina inayoitwa ramirezi, ambayo asili yake ni nyanda za Mto Orinoco, huko Venezuela na Kolombia. Wanaouzwa madukani wengi wamezaliwa katika mashamba ya samaki ya Asia, lakini mwili wao bado unataka maji ya kwao, yaani maji laini, yenye asidi kidogo, na yenye joto la nyuzi 27 hadi 30.

Sasa linganisha na ndugu yao aliye karibu nasi. Ukitoka Jamhuri ukaelekea kusini kilomita mia moja na kidogo, utafika Ziwa Magadi. Kule kando ya chemchemi za moto anaishi tilapia mdogo anayestahimili joto la zaidi ya nyuzi 40, katika maji ya magadi ambayo kipimo chake cha pH hukaribia 10. Ukoo mmoja, ramirezi na huyu wa Magadi. Wabadilishane maji asubuhi, na jioni huna hata mmoja.

Kwa hivyo hapana, bro. Maji si maji tu.

Kilichomuua samaki wa jirani, nina hakika karibu kabisa, ni kitu ambacho hakionekani wala hakinuki. Samaki akipumua na kunya, anatoa amonia. Katika mto au ziwa, bakteria huila amonia hiyo na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa si nyingi. Tangi jipya halina bakteria hao. Linang'aa kama glasi ya hotelini, na samaki anakaa ndani akiogelea katika mkojo wake. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi watoshe. Kwa muda huo wote tangi linatakiwa liwe na maji, filta inayozunguka mchana na usiku, na punje za chakula cha samaki zinazooza ndani ili bakteria wapate cha kula. Samaki hakuna.

Najua. Nani atanunua tangi akae mwezi na nusu akitazama maji? Mimi sikukaa. Nilikaa siku tatu, nikaona hizo ni nyingi. Samaki wangu sita wa kwanza walikwisha katika wiki mbili, nikanunua wengine watano palepale nikidhani wale wa kwanza walikuwa wabovu. Hata hilo la kununua tena haraka lina faida kwa mtu fulani, na mtu huyo si wewe wala samaki.

Kuna njia moja ya mkato na ni halali. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta yake. Uchafu ule wa kahawia ndio bakteria wenyewe. Usiuoshe. Uweke kwenye filta yako, na kazi ya wiki sita huenda ikawa ya wiki mbili au tatu. Mimi siku hizi rafiki akianza kufuga simpi samaki, nampa sponji.

Sasa nije kwenye maji ya Jamhuri, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea hata baada ya kusoma sana. Wanasoma maelezo yaliyoandikwa na mtu wa London au Chicago kuhusu maji ya kwake.

Sisi tuna maji ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mfereji wa jiji, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yakiwa yameshuka kutoka milima ya Aberdare. Haya ni maji laini, hayana chumvi nyingi za mawe, na kwa samaki wa Amerika Kusini ni zawadi. Mfugaji wa London hununua mtambo wa kuchuja ili apate maji ambayo wewe unaoshea vyombo. Tatizo lake ni klorini. Klorini inaua vijidudu ili usiumwe tumbo, na inaunguza mashavu ya samaki vilevile. Acha maji kwenye ndoo iliyo wazi saa 24, au tia dawa ya kuondoa klorini, ndipo uyatumie.

Ya pili ni maji ya kisima kirefu. Tangu mgao ulipoanza 2017, siku ambazo mfereji ni mkavu wengi wetu tunajaza matangi ya juu ya paa kwa maji ya kisima cha ploti au ya lori. Maji ya visima vya Nairobi yana tabia yake: mengi yana floridi nyingi, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia, na pH yake mara nyingi iko juu. Na amonia ile niliyoisema, kadiri pH inavyopanda ndivyo sumu yake inavyozidi kuwa kali. Kiasi kilekile ambacho samaki angekivumilia katika maji ya Ndakaini kinaweza kumuua katika maji ya kisima.

Mimi hili nililijua kwa njia mbaya. Wiki moja mfereji ulikauka, mlezi wa ploti akajaza tangi la paa kwa maji ya lori bila kumwambia mtu, na kwa nini amwambie mtu? Nami nikafungua mfereji, nikabadilisha nusu ya maji ya samaki. Mabadiliko ya ghafla ni mabaya kuliko maji mabaya yenyewe. Tangu siku hiyo huwa nauliza. Mlezi ananiona kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini sasa ananitumia ujumbe: "Leo ni ya lori." Kabla ya kununua hata changarawe, fanya hivyo. Uliza maji yenu yanatoka wapi na yanabadilika lini. Jambo hilo halina gharama, na sijawahi kusikia muuzaji akimuuliza mteja.

Kuna mengine mawili ya Nairobi ambayo vitabu vya wageni havikwambii. La kwanza ni mwinuko. Sisi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi, kwa hivyo maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na maji ya joto lilelile Mombasa. Ukiyapasha maji joto kwa ajili ya ramirezi, oksijeni inapungua tena. Kwa hivyo idadi ya samaki ambayo kitabu kinasema itoshee tangi lako, punguza. Na hakikisha filta inatibua uso wa maji.

La pili ni baridi. Watu wa nje wanadhani Kenya ni joto kila mahali. Waje hapa Julai, usiku ambao kipimo kinashuka hadi nyuzi 11 au 12, sakafu ya saruji inauma miguu na sisi tunalala na soksi. Bila hita, sikilidi wa Orinoco hawezi kuishi hapa. Na hita ni stima.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea nchi nzima usiku. Mnakumbuka. Wengi mlihangaikia simu na friji. Mimi nilikuwa na ramirezi watatu, wale wa kwanza walioweza kuishi kwangu zaidi ya mwaka, na jike lilikuwa limetaga juu ya jiwe siku mbili kabla. Maji yalikuwa nyuzi 28. Nilisema itarudi. Saa sita usiku nikasema itarudi. Asubuhi maji yalikuwa 22 na pampu kimya, na mimi bado sijafanya chochote isipokuwa kumulika kwa tochi ya simu kila nusu saa, jambo ambalo nadhani liliwachosha zaidi. Kwetu ilirudi Jumamosi jioni. Dume alikuwa amelala juu ya mayai yaliyogeuka meupe. Jike alikufa Jumapili, wa tatu Jumatatu.

Nilichopaswa kufanya ni rahisi hadi inakera. Kufunika tangi kwa blanketi mara moja, pande zote, nikiacha nafasi ya hewa juu. Kuchemsha maji kwa gesi, kuyatia katika chupa za soda, kufunga vifuniko na kuzielekeza ndani, moja baada ya nyingine, ili joto lishuke polepole. Kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda, yapate oksijeni. Kutowalisha kabisa. Sasa kuna blanketi kuukuu chini ya meza ya tangi na halitoki hapo. Mama alilichukua mara moja kumfunikia mgeni, tukakosana.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi huu ni mchezo wa mabwanyenye, waachie Lavington na Kileleshwa. Sikubali. Tangi langu lilitengenezwa na fundi wa vioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 36, linashika lita 60 na kitu. Vitu bora kabisa ndani yake sikununua dukani.

Tazama vifuu. Baada ya wale watatu nilihamia kwa sikilidi wengine wadogo wa Amazoni, apistograma, ambao ni wagumu kidogo kuliko ramirezi. Jike la apistograma hutaga kwenye dari ya pango. Dukani wanauza mapango ya udongo kwa bei ya mlo wa siku mbili. Mimi nilimwomba mama mboga wa pale kona vifuu viwili vya nazi, nikavichemsha mara tatu hadi maji yakaacha rangi, nikakata mlango mdogo kwa msumeno, nikavilaza. Jike aliingia siku ile ile. Wiki ya pili akabadilika rangi, akawa manjano ya limau na mistari myeusi, akaanza kumfukuza dume ambaye ni mkubwa kwake mara mbili. Dume akaishi kona ya juu karibu na hita kwa muda wa siku kumi, amekunja mapezi, kama mume aliyeambiwa alale kwenye kochi. Halafu asubuhi moja jike likatoka kifuuni likifuatwa na wingu la vitoto, kila kimoja kama kipande cha uzi, vikitua likitua na vikisonga likisonga. Nilichelewa kazini. Sijutii.

Halafu kuna majani. Wafugaji wa dunia nzima hununua majani makavu ya mti fulani ili kuyafanya maji yawe ya kahawia kama chai ya rangi, kwa sababu mito ya samaki hawa ina rangi hiyo. Majani hayo hushusha pH kidogo na kuwatuliza samaki, na vitoto hupata vijidudu vya kula juu yake. Ughaibuni yanauzwa kumi kumi katika pakiti. Nilipotafuta ni mti gani, kumbe ni mkungu! Mkungu wa Mombasa, ule ambao watu hukaa chini ya kivuli chake na kufagia majani yake kila asubuhi wakiyalaani. Shangazi yangu anayeishi Mombasa hunitumia mfuko kwa basi. Mara ya kwanza aliuliza kama nimekuwa mganga.

Lakini hata apistograma si jambo ninalotaka kuwaambia hasa. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba tuna sikilidi wadogo wetu wenyewe, na hatuwatazami.

Dani yangu, yaani nyanya upande wa baba, alizaliwa kijiji cha Siaya kisicho mbali na Ziwa Kanyaboli. Kwake fulu ni samaki mdogo wa kukaushwa juani na kupikwa akiwa mzima na kichwa chake. Nilipomwambia Wazungu wanafuga fulu kwenye vioo na kuwapigia picha, alicheka hadi akashika mbavu. "Hao wamekosa mboga?" Nikamweleza kwamba fulu anaowajua yeye ni sehemu ya ukoo wa aina 500 au zaidi ambazo zilikuwa Ziwa Victoria peke yake, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine. Mbuta alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na pamoja na maji machafu na uvuvi wa kupita kiasi, wanasayansi wanakadiria aina zipatazo 200 zimetoweka. Dani hakucheka tena. Alisema, "Ndiyo maana. Mimi nilidhani ni macho yangu yamezeeka."

Baadhi ya waliobaki walipona katika viziwa vya pembeni ambako mbuta hakufika, Kanyaboli kikiwa kimojawapo, huku mafunjo ya kinamasi cha Yala yakiwalinda. Mmoja wa Kanyaboli, mwenye wekundu na kijani kibichi, wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita fulu wa Krismasi. Wanamzalisha, wanabadilishana vitoto, wana kumbukumbu za vizazi. Tangu miaka ya 1990 hifadhi za samaki za huko zinatunza aina za Ziwa Victoria ambazo huenda ziwani hazipo tena. Mtoto wa Atlanta anaweza kumjua fulu kwa jina lake la Kijaluo huku mtoto wa Jamhuri, ambaye dani yake alimla, akitafuta ramirezi wa Orinoco. Hilo linaniuma, na si kwa sababu ya uzalendo wa bendera. Linaniuma kwa sababu samaki wetu wanatufaa zaidi.

Ninaowafuga sasa ni sikilidi wadogo wa vinamasi vya bonde la Ziwa Victoria, jamii ya wale wanaobeba mayai mdomoni. Dume hafiki sentimita nane. Akiwa kijivu humtambui, lakini akimwona jike anawaka samawati na kutu, na ncha ya pezi la chini inakuwa nyekundu kama kaa. Hawa si adimu, wamo hata mitaroni. Muhimu zaidi, wameumbwa na kinamasi. Chini ya mafunjo oksijeni ni kidogo mno, na wale wa huko wana mashavu makubwa kuliko wenzao wa maji ya wazi. Usiku wa baridi kwao si msiba. Mwaka jana stima ilipotea saa tisa nzima, na nilipowamulika walikuja kuomba chakula.

Niliwapata kupitia binamu, baada ya kuuliza kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu kuwasafirisha, na nawaomba nanyi muulize. Sisemi tukimbilie Kanyaboli na ndoo. Tukifanya hivyo tutamaliza kile ambacho mbuta alishindwa kumaliza. Nasema wauzaji wetu, ambao wanajua kuagiza samaki kutoka Singapore, wanaweza kuzalisha wa hapa kutokana na jozi chache zilizopatikana kwa idhini. Na sisi wanunuzi tuwaulize hivyo kila tunapoingia dukani, hadi wachoke.

Kwa walio na maji ya kisima tu, kuna wa Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa lile yana pH karibu 9, na mle anaishi mmoja wa sikilidi wadogo zaidi duniani, dume sentimita nne au tano, jike tatu. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Mpe mchanga, makombe kumi na tano, na konzi ya makombe ya chaza yaliyosagwa, yale ambayo agrovet huwauzia wafugaji wa kuku. Atachimba, atahamisha mchanga kwa mdomo usiku kucha, ataanzisha kijiji. Nunua waliozaliwa tangini.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Ukishindwa, usiwatupe mtoni. Nimesikia mtu akijisifu kwamba "aliwapa uhuru" samaki wake katika Mto Motoine, huu unaotoka msitu wa Ngong, ukapita Kibera hadi Bwawa la Nairobi. Wengi watakufa kwa uchafu, lakini inatosha wawili wasife. Kamba wekundu wa Marekani waliletwa Ziwa Naivasha 1970, wakamaliza mayungiyungi ya pale. Mrudishie muuzaji, au mpe mwenzako, au niletee mimi.

Na kuna pingamizi la Mama, ambalo ndilo zito kuliko yote. Siku moja ya mgao alinikuta nikimimina maji ya tangi, akaniambia, "Ng'ambo ya barabara watu wananunua mtungi wa lita ishirini, na wewe unawaogesha samaki." Ni kweli. Watu wa Kibera hulipa kwa kila lita zaidi yetu sisi wa mfereji. Sina jibu la kumnyamazisha mama yangu kwa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba natumia lita 15 kwa wiki, na tangu siku hiyo hakuna hata kikombe kinachoenda shimoni. Maji ya samaki yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Sukuma wiki yetu iliyo kwenye magunia hapo nyuma inakua hadi majirani wanaomba. Mama huikata bila kuzungumzia inakotoka.

Kijana wa jirani hajanunua samaki mwingine. Nilimpa sponji chafu kutoka kwenye filta yangu, akaishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa. Kila jioni huja na maji kidogo kwenye chupa tupime. Juzi amonia ilifika sifuri, akaruka. Nikamwonyesha rangi ya nitriti, bado iko juu. Alikaa kimya, halafu akauliza kama wale wangu wa kinamasi wametaga. Jike mmoja hajala siku ya nane leo, shavu limevimba, na ukimulika kwa upande unaona macho madogo meusi mengi yakikutazama kutoka ndani ya mdomo wake. Nimemwambia wakitoka, sita ni wake, ila si kabla ya nitriti kuisha. Amesema atarudi Jumatano. Ni siku yetu ya maji ya mfereji, na amejua hilo bila kuniuliza.